Waziri Aonja Lalasalama

Jamhuri ya Usikivu haimo katika ramani yoyote, kwa sababu wachora ramani hawakuomba kibali. Lakini ipo, na ni nchi njema. Ina wizara nyingi kuliko mito, na raia wake wana adabu kiasi kwamba hata kikohozi hukizuia kifuani mpaka kiongozi amalize kuhutubia. Mkuu wa nchi haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Msikilizwaji Mkuu. Wasiopenda kusikiliza wapo, hata huko, ila wamejengewa mahali pao penye kuta nene na chakula cha bure.

Katika nchi hiyo aliishi mama mmoja, Daktari Mboni, ambaye kazi yake ilikuwa kupasua ndege waliokufa.

Haikuwa kazi ya aibu. Wafadhili fulani wa mbali walikuwa wameuliza, kwa upole, mbona bundi na mwewe wa Usikivu wanaanguka kutoka angani. Serikali, ambayo haijawahi kuulizwa swali ikakosa kuliundia kitengo, ikaunda Kitengo cha Kuchunguza Afya ya Ndege Wawindaji. Kikapewa bango kubwa, gari lisilo na injini, na chumba nyuma ya wizara kilichokuwa zamani stoo ya mafagio. Watumishi walikuwa wawili tu, Daktari Mboni na mumewe, Kupaza. Kupaza alipanda miti na kutega nyavu. Alikamata ndege wazima, akawatoa tone la damu chini ya bawa, akawavisha pete mguuni na kuwaachia. Mboni alipokea waliokufa, akachukua maini yao akayapima. Mume wa walio hai, mke wa wafu. Jioni walikutana mezani wakapeana habari.

Na habari zenyewe zilikuwa mbaya. Panya walikuwa wamevamia maghala ya Taifa, na Mheshimiwa Anakleti Bwilingo, Waziri wa Kilimo, Maghala na Matumaini, alikuwa ameagiza sumu kutoka kampuni ya shemeji yake. Sumu iliitwa Lalasalama. Zilikuwa punje za mahindi zilizotiwa rangi nzuri ya buluu, zikamwagwa maghalani, mashambani, kandokando ya barabara, hata makaburini. Panya aliyezila hakufa papo hapo. Alizubaa siku kadhaa akitembea mchana kweupe kama mlevi, na bundi au mwewe akamwokota bila jasho. Baadaye damu ya ndege yule ilikataa kuganda. Mboni alipompasua alikuta kifua kimejaa damu kama cha mtu aliyechomwa kisu, na nje hakuna hata mkwaruzo.

"Sumu imo karibu katika kila ini ninalopima," alimwambia mumewe.

"Na katika damu ya wazima pia," Kupaza akasema. "Wanaruka vizuri tu, mke wangu. Wameshakufa, ila hawajaambiwa."

Wakaenda kwa Waziri.

Mheshimiwa Bwilingo aliwapokea akiwa anakula korosho. Alikuwa mtu mnene wa sauti, hata akinong'ona madirisha yalisikia. Mboni akamweleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

"Mheshimiwa, sumu hii haina haraka. Anayeila leo, kesho yu mzima, na keshokutwa yu mzima. Inakaa kwenye ini, inasubiri. Damu ikianza kutoka ndipo—"

"Fupisha," Waziri akasema, akichagua korosho nzima na kuacha vipande.

"Inaua polepole, Mheshimiwa. Na inaua wasiokusudiwa."

Waziri akafuta vidole. "Daktari, wewe ni msomi, basi tusomeshane. Panya aliyekula Lalasalama amekula mali ya Serikali. Kwa hiyo yeye mwenyewe sasa ni mali ya Serikali. Niambie: hao bundi wako waliomba kibali kwa nani cha kula panya wa Serikali?"

Kupaza alidhani ni utani, akacheka. Alicheka peke yake.

"Ndege hao hawakufa kwa sumu," Waziri akaendelea, macho kwa Kupaza. "Wamekufa kwa wizi."

Hilo likawa tamko. Tena, ili takwimu zisichafue sifa ya nchi, ikaamriwa kwamba ndege yeyote atakayekufa bila ofisa wa wizara kumshuhudia akikata roho, ahesabiwe kuwa amesafiri nje. Mwaka ule ndege wa Usikivu walisafiri sana. Wizara ya Utalii ikawapongeza.

Kisha ikapitishwa Sheria ya Heshima ya Bidhaa za Taifa: atakayesema kwamba Lalasalama imemdhuru kiumbe yeyote asiye panya, jela. Wabunge waliipitisha wakiwa wamesimama, maana panya walikuwa wamekula viti.

Ikabaki dawa. Kila sumu ya namna hiyo ina dawa yake, nayo ni vitamini K, kitu cha kawaida kabisa, kilichokuwepo katika kila duka la dawa. Wenye maduka walipoanza kuiagiza kwa wingi, kwa sababu mbwa na mbuzi wa wateja walikuwa wakitoka damu puani, Waziri alikasirika.

"Dawa ya sumu isiyo na madhara," alisema redioni, "ni uchochezi uliotiwa kwenye chupa!"

Vitamini K ikapigwa marufuku. Wizara ya Elimu, kwa kuogopa kuonekana imelala, ikaisimamisha herufi yenyewe. Mwalimu wa darasa la kwanza akifika kwenye J alirukia L kama mtu anayeruka mfereji. Sokoni watu wenye adabu waliuziana uu na abichi. Kupaza aliitwa Upaza hata na mwenye nyumba, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa mtu wa kucheka. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake kubwa zaidi katika nchi ile.

*

Baada ya mvua za kwanza Kupaza alikwenda Bonde la Mseru kuwavisha pete vifaranga vya kipanga. Bundi wa huko walikuwa wamekwisha, na panya, walipoona hakuna wa kuwafukuza, walikuwa wamekula mashamba mpaka mizizi. Wanakijiji walikuwa na njaa. Waliokota punje za buluu barabarani, wakaziosha mtoni mpaka rangi ikatoka, wakazisaga. Hawakuona ubaya. Redio ilikuwa imewaambia hazina madhara, nao walikuwa wasikivu. Kupaza alikula ugali wao siku zote alizokaa kwao, asijue, akawasifu kwa ukarimu.

Alirudi nyumbani amechoka kidogo tu. Asubuhi mbili tatu baadaye alikuwa akipiga mswaki uani.

"Mboni," aliita, "hebu njoo uone."

Povu alilotema lilikuwa jekundu. Mboni akamshika kidevu, akamfunua mdomo, akatazama fizi. Kisha akamvua shati. Mgongoni palikuwa na madoa ya zambarau, makubwa kama viganja, na hakuna aliyempiga. Alikwishayaona madoa yale mara nyingi, chini ya manyoya.

Hospitalini daktari wa zamu alimvuta pembeni. "Dawa ninaijua, mama. Jina lake siwezi kulitaja."

"Usilitaje. Mpe."

"Hazipo. Zilichomwa moto uwanjani, mbele ya Waziri." Akainamisha kichwa. "Tulipiga makofi."

Mboni alitoka akikimbia. Alimkuta Waziri kwenye ngazi za wizara anaingia garini, akashika dirisha.

"Mheshimiwa, mume wangu anavuja damu ndani. Nipe kibali cha chupa moja tu, nitaifuata mwenyewe mpakani."

"Mumeo nani?"

"Kupaza. Tulikuja naye kwako. Yule aliyecheka."

Waziri alikumbuka. Uso wake haukuwa na chuki. Mboni angeusamehe kidogo laiti ungekuwa nayo. Ulikuwa uso wa mtu anayechagua korosho.

"Nikimpa mumeo dawa nitakuwa nimekiri, Daktari. Serikali haiwezi kukiri kwa ajili ya mtu mmoja." Akapandisha kioo taratibu, kumpa nafasi ya kutoa vidole.

Kupaza alichukua muda kufa, kama walivyochukua ndege wake. Mwishoni, sauti ikiwa imekwisha, alimwambia mkewe, "Nipasue. Utapata ini la mtu. Watakuamini."

Mboni hakumpasua. Hakuwa na shaka ya kuondoa.

Wizara ilileta shada la maua lenye utepe ulioandikwa PUMZIA UPAZA, na tangazo likatolewa kwamba marehemu alifariki kwa kutopiga mswaki ipasavyo.

*

Watu walitarajia Mboni aache kazi, au apige kelele akamatwe. Badala yake aliomboleza, akamaliza, akarudi katika stoo ya mafagio, akawa mtumishi msikivu kuliko wote. Alipiga makofi kwanza na kuacha mwisho. Waziri akapendezwa naye. Alianza kumwita kwenye sherehe zake, akimwonyesha wageni: "Huyu ni mtaalamu wetu wa ndege. Hata yeye ameelewa."

"Nimeelewa, Mheshimiwa," Mboni alijibu, akitabasamu.

Katika kabati lake zilikuwepo punje za buluu nyingi, na chupa ya chai ya Waziri ilikuwa ikipita mbele ya mlango wake kila siku. Aliitazama ikipita. Hakuna ambaye angejua. Lakini aliwaza mazishi: bendera nusu mlingoti, mizinga, barabara itakayoitwa Bwilingo. Akaiacha chai ipite.

Siku ya Utii, sikukuu ya taifa, uwanja mkuu ulijaa. Juu ya mnara wa taa wa uwanja ule alikuwa ameweka kiota tai mmoja mkubwa, na kwa kuwa tai ndiye aliye kwenye bendera ya Usikivu, watu walimwona kama kiongozi wao mwingine, tena asiyehutubia. Bendi ilikuwa katikati ya wimbo wa taifa alipoacha mnara. Alipiga mbawa mara chache, akayumba, akaanguka kama gunia, paa, juu ya zulia jeupe mbele ya jukwaa kuu. Damu ilimtoka mdomoni ikaruka hadi kwenye kiatu cha Msikilizwaji Mkuu.

Bendi ikanyamaza. Watu wote wakazuia kikohozi.

"Tai amesujudu!" Waziri Bwilingo akapaza sauti. "Hata ndege wa angani wanamsujudia kiongozi wetu!"

Uwanja ukapiga makofi. Msikilizwaji Mkuu akautazama ule mzoga, akakitazama kiatu chake. "Mbona haamki?" akauliza.

Waziri akamtafuta Mboni kwa macho. "Daktari wetu wa ndege yupo. Daktari, njoo utoe maelezo kwa wananchi."

Mboni alipanda jukwaani. Akapiga magoti kwa tai, akamfunika kichwa kwa mtandio wake, akainuka, akashika kipaza sauti. Askari wa ulinzi, Inspekta Golugwa, mtu aliyeijua kila sheria ya nchi kwa moyo, akasogea karibu, maana mwanamke huyu alikuwa hatua moja kutoka gerezani.

"Wananchi," Mboni akasema, "Mheshimiwa Waziri ametuhakikishia kwamba Lalasalama haina madhara kwa yeyote asiye panya. Mimi ni nani nimpinge? Ila najua huko majumbani watu wananong'ona. Mheshimiwa, kijiko kimoja tu kingewafunga midomo. Nao wamwone kiongozi asiyeogopa bidhaa ya taifa lake."

Mtu mmoja nyuma kabisa akaita, "Kijiko!" Wakaitikia kumi, wakaitikia mia, na kabla Waziri hajapata la kusema uwanja mzima ulikuwa ukiimba kijiko, kijiko, na kila mmoja aliitamka K yake wazi kabisa. Haikujulikana kama walikuwa wakimshangilia au vipi.

"Bila shaka!" Waziri akasema, jasho likimshuka. "Kesho, nitaleta kutoka nyumbani—"

"Hakuna haja ya kujisumbua, Mheshimiwa," Mboni akasema kwa unyenyekevu. "Magunia yapo palepale, kwenye banda la maonyesho la shemeji yako."

Likaletwa gunia, likaletwa na kijiko. Waziri alimtazama Msikilizwaji Mkuu, ambaye alikuwa bado anakitazama kiatu. Akachota. Akatafuna punje za buluu mbele ya taifa zima, macho yamemtoka, akisubiri kuanguka.

Hakuanguka. Alisimama dakika nzima. Akajipapasa tumbo, akajipapasa shingo. Tabasamu likaanza kumwenea usoni kama mafuta kwenye karatasi.

"Mmeona?" akanguruma. "Mmeona!"

Hakujua. Mboni alielewa pale pale kwamba mtu huyu aliyejaza nchi nzima sumu hakujua hata inavyofanya kazi. Yeye mwenyewe alikuwa amemwambia kwa kinywa chake, siku ile ya korosho, na mtu yule alikuwa amesema fupisha. Mboni akafungua kinywa amwambie tena. Kisha akaona vidole vyake mwenyewe vikiwa juu ya kioo cha gari. Akafunga kinywa.

*

Mafanikio yale yalimlevya Waziri. Kuanzia kesho yake akaanzisha kipindi cha televisheni cha asubuhi kilichoitwa Kijiko cha Uzalendo, ambamo alikula Lalasalama kwa kijiko huku akihutubia juu ya ujasiri. Mboni alikaa pembeni yake akiwa mtaalamu.

"Daktari, unanionaje?" alimuuliza kila asubuhi mbele ya kamera.

Mboni alimshika mkono, akasikiliza. "Mapigo ni mazuri, Mheshimiwa." Na yalikuwa mazuri kweli. Hakusema uongo hata mara moja.

Siku moja Waziri alipata wazo kwamba watumishi wote wa wizara nao waonje, wakiwemo wafagiaji na wapishi.

"Mheshimiwa," Mboni akasema haraka, "heshima hii ikigawiwa kwa kila mfagiaji itabaki na nini?"

Waziri akafikiri. "Kweli," akasema. "Wasije wakazoea." Akaila peke yake, akaongeza kijiko cha pili kwa sababu ya wivu.

Wiki ile Mboni, ambaye tangu aonekane kwenye televisheni hakupekuliwa tena mpakani, alivuka kwenda kwa wifi yake, Chausiku, dada wa Kupaza, aliyekuwa na duka la dawa ng'ambo. Chausiku hakutoka kumpokea. Alikuwa akimwona kila asubuhi kwenye televisheni.

"Umekuja kufanya nini?" akauliza kutoka nyuma ya kaunta. "Unamshika mkono muuaji wa kaka yangu, unamchekea."

"Nataka vitamini K, wifi. Ya sindano, na vidonge vingi."

Chausiku akamtazama mpaka akaelewa. "Anakula kweli? Si mahindi ya kupakwa rangi?"

"Anakula kweli. Mimi ndiye ninayempelekea gunia."

"Basi mwache afe! Mungu amekuletea mkononi, wewe unatafuta dawa?"

"Akifa atazikwa shujaa. Watasema amekufa kwa kazi nyingi." Mboni aliongea taratibu. "Sitaki afe, wifi. Nataka aombe."

Chausiku akageuka, akaanza kushusha maboksi.

*

Ilianza kwenye kipindi. Waziri alizicheka kebehi zake mwenyewe, na nchi nzima ikaona meno mekundu. "Juisi ya rozela," akaeleza. Siku iliyofuata pua ilivuja katikati ya sentensi juu ya ujasiri, na mpiga picha, asiyejua afanye nini, akaelekeza kamera kwenye bendera. Halafu magoti yakavimba, na madoa ya zambarau yakapanda mpaka shingoni, yakachungulia juu ya tai yake ya hariri.

Madaktari wa Serikali waliitwa. Wote waliuona ugonjwa na wote waliijua sheria. Wa kwanza akasema ni furaha iliyopitiliza. Wa pili akasema ni bitiruti. Wa tatu akaomba likizo. Waziri akatuma maombi kwa Msikilizwaji Mkuu apewe ndege akatibiwe ng'ambo, na jibu likaja siku hiyo hiyo: mtu aliyekula kitu kisicho na madhara hawezi kuwa mgonjwa, hivyo hana safari.

Ndipo akamwita Mboni. Alikuwa amelala kwenye kochi la sebule yake, taulo mdomoni. Mlangoni alisimama Inspekta Golugwa, aliyempigia saluti kila asubuhi tangu apewe uwaziri.

"Daktari," Waziri akasema kwa sauti ambayo hakuna dirisha lingeisikia. "Nini hiki?"

"Mimi ni daktari wa ndege, Mheshimiwa. Kama ungekuwa bundi ningekujibu."

"Nijibu kama bundi!"

"Bundi ningesema amekula panya wa Serikali. Ningesema amekufa kwa wizi."

Waziri alianza kulia. "Unayo dawa. Naona mkoba. Nipe."

"Siwezi kutibu ugonjwa ambao haupo. Nitafungwa."

"Mimi ni Waziri, nakuruhusu!"

"Sheria yako haisemi isipokuwa Waziri." Akageuka kwa mlinzi. "Au inasema, Inspekta?"

"Haisemi, mama," Golugwa akajibu kwa heshima.

"Basi mpaka ugonjwa uwepo," Mboni akasema. "Na katika nchi hii kitu hakipo mpaka kitangazwe. Watu wa televisheni wako nje, wanasubiri kijiko chao cha asubuhi. Niwaite?"

Alipambana. Alitukana, akaahidi, akamtishia, akamwita dada yangu, mama yangu. Mboni akavuta kiti akaketi na mkoba mapajani. Alikwishawahi kuketi hivyo kando ya kitanda kingine, tena bila mkoba. Hatimaye pua ikafunguka upya, taulo likalowa, na Waziri akatikisa kichwa: waingie.

Taa ya kamera ikawaka. Nchi nzima ilikuwa mezani kwa chai.

"Wananchi," Waziri akasema. "Nimedhurika. Nimedhurika na Lalasalama. Inadhuru. Ndege walikufa nayo. Watu pia. Nilijua... niliambiwa. Sasa naomba dawa. Naomba vitamini..." Akakwama. Midomo ilijaribu, ikaogopa.

"Vitamini ipi, Mheshimiwa?" Mboni akauliza. "Watu hawajasikia."

"K!" akapiga kelele, damu ikirukia kioo cha kamera. "K! K!"

Mboni akavunja kichupa, akavuta dawa kwenye sindano, akamchoma taratibu. Inspekta Golugwa, mtu muungwana, alisubiri sindano itoke na pamba iwekwe. Kisha akapiga saluti.

"Mheshimiwa, uko chini ya ulinzi kwa kuikosea heshima bidhaa ya Taifa."

*

Baraza la Mawaziri lilikaa kwa dharura. Lisingeweza kusema Lalasalama inadhuru, na lisingeweza kusema nchi nzima haikuona ilichoona. Likaamua kwamba Lalasalama inamdhuru mtu mmoja tu, Anakleti Bwilingo, ambaye kuanzia leo si mheshimiwa. Na kwamba vitamini K inaruhusiwa kwa mtu huyo peke yake, awe hai siku ya kesi. Mboni akateuliwa kuiagiza. Aliagiza dawa ya mtu mmoja kwa malori mawili. Iliyobaki, yaani karibu yote, aliipeleka na Chausiku Bonde la Mseru.

Wananchi hawakutoa tamko lolote. Walifagia tu. Walifagia maghala, barabara na makaburi, na asubuhi moja milango ya wizara ilikataa kufunguka kwa sababu lundo la buluu lilikuwa limeziba hadi orofa ya kwanza. Hakuna aliyeona nani kalileta.

Sasa, sumu ile haitoki mwilini upesi. Inang'ang'ania ini kwa miezi. Mfungwa alihitaji kidonge kila siku, na kila siku Mboni alikipeleka mwenyewe. Siku ya kwanza, kabla ya kukitoa, alisema, "Taja jina lake."

"La nani?"

"La mume wangu."

Hakulijua. Bwilingo alikuwa ameambiwa, lakini hakulijua. Mboni akafunika kichupa akaketi, na akaketi mpaka mtu yule alipoanza kujigusa fizi kwa hofu na kumsihi. Ndipo akamwambia, "Kupaza."

"Kupaza," Bwilingo akasema.

Akapewa kidonge.

Ikawa hivyo asubuhi zote. Alilitaja kwa hasira, akalitaja kwa kunong'ona, akalitaja huku analia, ingawa Mboni alijua anajililia mwenyewe. Askari magereza walidhani ni aina ya dua. Mboni alipotoka pale alikula vizuri na kulala vizuri, na hakuona aibu kwa hilo.

Mvua zilikwisha, zikaanza nyingine. Siku moja alifika akamkuta Bwilingo amekonda, ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini. Alilitaja jina kabla ya kuulizwa, akameza kidonge, lakini hakulala chini kama kawaida yake.

"Daktari," akasema. "Nimelisema jina hili mpaka nimemwota. Lakini simwoni uso. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Alikuwa anauliza kweli. Mboni aliona hivyo, na ilimuudhi zaidi kuliko uongo wote aliowahi kumsikia akiusema. Alifunga mkoba wake.

"Hilo," akamwambia, "hulipati."

Akatoka, akapita malango yote, akaingia barabarani penye jua. Na akitembea peke yake akaanza kucheka, kwa sauti, watu wakimgeukia, maana alikuwa amekumbuka jinsi Kupaza alivyokuwa akiwaogopa bundi. Miaka yote ile, kila alipomshika mmoja kumvisha pete, alifumba macho.